Mikanda Thelathini na Minane ya Mpira

Kwangu mimi hakuna kitu cha kushangaza tena. Nimesukuma baiskeli yenye bidoni sita za mafuta ya mawese kutoka Kabambare mpaka Kasongo, mvua ikinyesha njia nzima, nikafika na bidoni sita. Huko Wamaza nimelala nyumba moja na nyoka, na asubuhi kila mmoja akashika njia yake. Nimefundisha watoto kusoma Kiingereza, mimi niliyeishia mwaka wa nne wa shule ya msingi, tena mwaka wenyewe sikuumaliza. Kwa hiyo ninyi walimu vijana mnaobaki, hasa wewe Furaha uliyepokea darasa langu juzi, msifikiri naandika haya ili nijisifu. Naandika kwa sababu sauti imenikatika, muganga wa hospitali amenikataza kupaza kelele, na mkono bado mzima.

Nina miaka hamsini na mitatu. Habari za mshahara siandiki; mwenye kutaka kuzijua awaulize wale ambao hawakunilipa. Vyeo pia siandiki, maana nilikuwa nacho kimoja tu, Mwalimu, na nilijipa mwenyewe.

Nianze na mpira, kwa sababu mpira nilijuana nao kabla ya Kiingereza. Sisi tuliokuwa tunasukuma baiskeli za biashara hatukuwa na kamba. Kamba yetu ilikuwa ule mpira wa ndani ya gurudumu, ukichakaa unaukata mikanda, na kwa mikanda hiyo unafunga chumvi, sabuni, mbuzi, hata mgonjwa. Mzigo uliofungwa na mpira unacheza na njia lakini hauanguki. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi, na nilikuwa nafunga vizuri kuliko wote. Waliokuwapo wanajua.

Kisha vita vikaja, nikavuka ziwa na wengine, nikajikuta katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Kule mizigo haikuwapo. Nikapata kazi ya kufagia shule ya watoto wadogo, na huko ndiko nilikomkuta Mwalimu Tausi, mama mfupi wa Kigoma, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa anafundisha Kiingereza kwa sauti, si kwa kukariri. Nikachagua kufagia upande wa dirisha lake. Kambi nzima hapakuwa na ardhi safi kama ile ya chini ya dirisha la Mwalimu Tausi.

Kiingereza changu chote nilikipatia pale, na hasa jambo la sauti ndefu, ambalo linawashinda hata wenye diplome. Kwetu herufi a ni a, ukutane nayo sokoni au shambani. Kwa Waingereza kila moja ya zile herufi tano, a, e, i, o, u, ina sauti fupi na sauti ndefu. Ile ndefu, alikuwa anasema Mwalimu Tausi, ni herufi inayotaja jina lake yenyewe; na jina la a kwao ni ei, jina la i ni ai. Kofia ni cap. Weka e mwishoni, inakuwa cape, joho la kuvaa mabegani. Ile e ya mwisho haisemi neno. Imekaa tu kwenye ncha ya benchi, na kwa sababu imekaa pale, a ya katikati inaanza kutaja jina lake. Nimeona marais wa kamati za wazazi wanaofanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Sasa, kifaa chake. Siku moja alikuja na ukanda wa mpira mkononi. Sauti fupi, mikono imekaribiana. Sauti ndefu, anavuta. Akampa kila mtoto ukanda wake, wakawa wanavuta na kusema, wanavuta na kusema. Nikaacha ufagio. Mtu amesukuma baiskeli miaka kumi, leo anaona Kiingereza kinafungwa kwa kamba yake! Nikajua pale pale kwamba hii ndiyo kazi yangu.

Wiki mbili niliwaangalia. Wiki ya tatu sikuwapo, ilikuwa zamu ya upande wetu kupanga foleni ya mahindi, na foleni ile haikuwa kitu cha siku moja. Niliporudi dirishani nikakuta watoto wanasoma mikono mitupu. Mikanda hakuna. Sikuuliza. Kambini kitu kisipoonekana kimeibiwa, na kumuuliza aliyeibiwa ni kumwongezea uchungu. Nikamhurumia Mwalimu Tausi kimoyomoyo, nikaapa kwamba siku nikipata darasa langu, ukanda wangu hata mmoja hautaibiwa.

Kiapo hicho nilikitimiza, mtaona.

Tuliporudi kwetu Maniema, nilianzia Kasongo, kwenye baraza ya duka la vitambaa la mjomba wangu. Siku ya kwanza walikuja watoto kumi na mmoja. Wawili walitumwa na wazazi wao, tisa walikuja kuangalia kama kweli ni mimi. Nikawapa mikanda wote. Baada ya saa moja wakawa wanasema kite, ile tiara ya karatasi, na kuvuta mpira mpaka mteja mmoja wa mjomba akajongea na doti yake ya kitenge akiuliza, “Mumeanza kuuza manati hapa?” Mjomba akanivumilia miezi mitano. Nikajaribu Nyangwe pia, lakini kule siku ya soko watoto wote wako majini au kwenye samaki, na siku isiyo ya soko wanapumzika kwa sababu ya ile ya soko. Niliondoka kwa amani.

Mwishowe nikaitwa Kabambare, kwenye shule moja ndogo ya wazazi. Direktrisi wake, Mama Riziki, alinipa chumba chenye madirisha mawili na muda wa saa mbili kila asubuhi. Hapo ndipo nilipoikamilisha kazi. Sikilizeni vijana, haya hayaandikwi popote. Usichukue mpira wa baiskeli, ni mwembamba, unakatika na kumpiga mtoto usoni. Chukua mpira wa ndani wa pikipiki, wa gurudumu la nyuma. Kata upana wa kidole kimoja na nusu. Urefu ni kutoka kiganja cha mtoto mpaka kiwiko chake. Osha na majivu, halafu sabuni, halafu majivu tena, la sivyo watoto wanarudi nyumbani na mikono myeusi na kesho yake unafundisha akina mama. Nilikata mikanda thelathini na minane, nikaiandika namba kwa rangi nyeupe, nikaiweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Kila siku kabla ya kufunga darasa ilihesabiwa. Miaka yote hiyo haukupotea hata mmoja. Nasema hilo kwa ajili ya wale ambao hata chaki inawapotea.

Kesi ngumu nilizipata nyingi, nitaandika moja.

Kulikuwa na motard mmoja wa kubeba watu na pikipiki kati ya Kabambare na Kasongo, tukimwita Baba Salima. Siku moja alinikuta pale wanapoegesha pikipiki zao, ameshika mkono binti yake wa miaka saba. Mkono wa kushoto wa mtoto ulivunjika akiwa mchanga, ukaungwa vibaya, haunyooki.

“Mwalimu,” akasema, “umuchukue na huyu.”

“Baba Salima, kazi yangu iko ya mikono miwili.”

“Kumbe! Kizungu kinasemwaka na mikono?”

Wenzake wakacheka. Walikuwa kama kumi, na motard akikosa abiria hana kazi nyingine isipokuwa kucheka. Mmoja akasema, “Muache Mwalimu, yeye mwenyewe anasomaka na miguu, alisukuma baiskeli!”

Mtu wa hadhi yangu hawezi kuondoka mahali namna hiyo. Nikapaza sauti, wakati huo ninayo: “Nitamuchukua. Na siku huyu mutoto atasoma neno moja la sauti ndefu mbele ya watu, mimi Ramazani nitavalisha pikipiki yako mipira mipya ya ndani, mbele na nyuma, na fundi nitamulipa mimi.”

“Mumesikia?” Baba Salima akawauliza wenzake.

“Tumesikia.”

Nilisema hivyo kwa sababu nilijua haitatokea. Sauti ndefu inavutwa, na mtoto hawezi kuvuta. Ilikuwa hesabu nyepesi. Nikamweka Salima kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, nikamwambia aangalie tu. Na kwa kuwa simwachi mtoto bila kazi, nikampa kazi ya kukusanya mikanda na kuihesabu. Aliifanya vizuri sana. “Thelathini na minane, Mwalimu,” kila siku, mwaka mzima, kama saa.

Mwaka huo darasa lilisoma kuliko miaka yote. Niliandika bone, mfupa, ubaoni, mikanda thelathini na minane ikavutwa pamoja, na ile o ikataja jina lake mpaka mbuzi wa jirani akainua kichwa. Habari ikafika mbali. Ikafika mbali kupita kiasi, maana Mama Riziki aliniita ofisini, barua mkononi.

“Baba Ramazani, kaa.”

“Nimesimama vizuri, Mama Direktrisi.”

“Kaa. Inspekteri anakuja kutoka Kasongo. Wanasema wamesikia kuna mutu anafundisha Kizungu hapa bila diplome. Atasikiliza watoto. Wakisoma, atakuandikia karatasi, unabaki. Wasiposoma, darasa linafungwa siku hiyo hiyo. Mimi siwezi kukusaidia.”

“Watasoma.”

“Wewe unasemaka hivyo kwa kila kitu.”

Nilitoka pale bila wasiwasi. Lakini niliwaza jambo moja: baiskeli nilikuwa nimeiuza. Kama darasa lingefungwa, hata mzigo wa kusukuma sikuwa nao.

Siku ilipofika, watoto walikuwa wamepakwa mafuta, wanang'aa, mkebe uko mezani. Kabla sijaufungua, Baba Salima akaingia mbio, matope mpaka magotini. Yeye ndiye aliyekuwa akimleta inspekteri. Pikipiki aliiacha kwenye kijito cha kuingilia mjini: mpira wa kufungia ulikatika, mzigo umeanguka, inspekteri amesimama kando anauangalia.

“Mwalimu, niazime mipira. Tafazali. Sanduku iko majini!”

Angehitaji mikanda mitano, labda sita. Lakini mtu akikuomba kitu kwa ajili ya inspekteri anayekuja kuamua maisha yako, huwezi kuonekana mchoyo. Nikampa mkebe wote. Nilihesabu kwanza: thelathini na minane.

Baada ya muda mfupi pikipiki ikaingia uwanjani. Sanduku la inspekteri lilikuwa limefungwa na ukanda namba nne mpaka namba kumi na tisa. Godoro lake limeshikwa na ishirini mpaka thelathini na mitano. Kuku wawili aliopewa Wamaza walifungwa miguu na mikanda iliyobaki. Ulikuwa mzigo mzuri, ningeweza kuufunga mimi. Nikamsogelea Baba Salima, nikamnong'oneza afungue mikanda.

“Hapana,” akanong'ona, “amesema mutu asiguse kitu mpaka afike kwenye nyumba ya kulala. Sanduku limeanguka mara mbili, amekasirika.”

Basi. Nikaingia darasani bila mikanda. Nilijiambia watoto wamesoma mwaka mzima, na mtu aliyekula mwaka mzima hasahau kinywa kiko wapi.

Inspekteri alikuwa mtu mtaratibu, suruali imelowa upande mmoja. Akakaa, akafungua daftari, akasema tuanze. Mama Riziki alisimama ukutani. Nikaandika kite, nikamwita Assumani, mtoto bora kuliko wote.

Assumani akasimama. Akaangalia ubao. Akaangalia mikono yake.

“Kit,” akasema.

“Angalia vizuri, Assumani.”

Akaangalia mikono yake vizuri. “Kit.” Kisha akashika mpira wa kaptula yake kiunoni, akauvuta mbele kwa nguvu, na sauti ikatoka nzuri kabisa: “Kite!”

“Mikono juu ya meza,” akasema inspekteri.

Akaiweka mezani. “Kit.”

Nikaandika cape. Likasomwa cap. Nikaandika bone, likasomwa neno ambalo halipo. Watoto kumi na wawili walisimama mmoja mmoja, kila mmoja akajitazama viganja kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani, akakaa.

“Mwalimu,” akasema inspekteri, “ile sauti ndefu iko wapi?”

Jibu la kweli ni kwamba ilikuwa imefunga sanduku lake. Sikulisema.

“Inakuja, Bwana Inspekteri.”

Akaandika kitu. Nikaona Mama Riziki anatazama chini. Inspekteri akafunga kalamu yake, akainuka, na akiwa anaelekea mlangoni akamwona Salima kwenye benchi lake.

“Na huyu, hasomi?”

“Huyu anahesabu mipira, Bwana Inspekteri.”

“Mipira gani?”

“Leo haiko.”

“Basi leo hana kazi. Simama, mama. Soma ubao.”

Baba yake alikuwa ameegemea mlango kwa nje, matope yanamkauka. Akanyooka. Salima akasimama, mkono wake mbovu umelala kifuani kama kawaida yake, akasoma: kite. Akasoma cape. Akasoma bone. Kila herufi ilitaja jina lake, bila haraka, kama watu wanaoitwa kwenye orodha. Inspekteri akarudi ubaoni, akaandika mwenyewe neno nililokuwa sijawafundisha, nose, pua. Salima akalisoma. Akaandika jingine. Akalisoma.

“Nani amekufundisha?”

“Mwalimu.”

“Na hawa wenzako, nani amewafundisha?”

“Mwalimu,” akasema Salima. “Lakini wao wanaangaliaka mipira. Mimi sina mupira. Ninaangaliaka kinywa yake. Kila siku anasemaka herufi inataja jina lake. Wao hawasikii, wanavuta.” Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemzuia, akaongeza: “Jino yake ya juu inatikisika akisema ai.”

Ni kweli linatikisika.

Inspekteri akakaa tena. Akaandika muda mrefu, akakata karatasi, akampa Mama Riziki. Iliandikwa kwamba darasa limepewa miezi mitatu, kisha atarudi, na kwamba watoto watasoma mikono ikiwa mezani. Hapo mlangoni Baba Salima alikuwa tayari anapiga makofi, peke yake.

Jioni hiyo nikanunua dakika za simu nikamtafuta Mwalimu Tausi. Naye amestaafu, yuko kwao Kigoma. Baada ya salamu zote, za watoto, za wajukuu, za mvua, nikamuuliza ile mikanda ya kambini iliibiwa na nani.

“Iibiwe? Nani kakwambia iliibiwa?”

“Wiki ya tatu, Mama. Watoto hawakuwa nayo.”

“Niliwanyang'anya mwenyewe! Wiki mbili za mpira, wiki ya tatu mikono mitupu, macho kinywani kwangu. Ndiyo somo lenyewe hilo, Ramazani. Mpira ni wa kuwaonyesha njia tu. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?”

“Kwenye foleni ya mahindi.”

“Na umekuwa ukiwapa mpira muda gani?”

Nikamwambia simu inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Miezi mitatu ile nilifundisha kama mtu anayekimbizwa. Mikanda iliporudi yote, nilifungia mkebe kabatini. Nilimtoa Salima mlangoni nikamweka mbele, awaelekee wenzake, na mtoto akishikwa na tamaa ya kuvuta kitu anaambiwa amtazame Salima mdomoni. Assumani aliharibu kaptula mbili kabla ya kuacha. Inspekteri aliporudi walisoma wote isipokuwa mmoja mwenye homa, nikapata karatasi yangu, mhuri na yote, nimeitundika ukutani kwangu, anayetaka kuiona aje. Tangu hapo nimefundisha hivyo hivyo, na hakuna wa kunishinda Maniema ya kusini.

Furaha, mkebe uko juu ya kabati, upande wa kulia. Ikifika wiki ya tatu, ufunge, hata wakilia.

Na Baba Salima sikumkimbia. Kesho yake ya ule ugeni wa kwanza wa inspekteri nilikwenda pale pikipiki zinapoegeshwa, na motard wote kumi walikuwapo, hakuna aliyepata abiria asubuhi hiyo, au hakuna aliyetaka. Wakatengeneza duara. Fundi alikuwa tayari amegeuza pikipiki. Bei za Kabambare mnazijua, kila kitu kinapanda kwa ajili ya njia. Mpira wa ndani wa mbele, elfu kumi na saba. Wa nyuma, elfu kumi na tisa. Fundi, elfu tano. Kifuniko cha vali, ambacho sikuahidi lakini walisema pikipiki iliyovaa mipya haiwezi kukaa uchi, mia tano. Salima alisimama kando yangu akihesabu noti kwa sauti, kwa Kiingereza. Somo la wiki ya tatu Mwalimu Tausi alilitoa bure, watoto wote wa kambi wakalipata. Mimi nimelipia faranga elfu arobaini na moja na mia tano.